Moyo wa Upande wa Kulia

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Hapa Bulyaga tuko salama, ila mvua haijakatika, na bibi yako halali vizuri tangu ulipotuandikia kutoka Mwanza kuwa moyo wa kichanga chako uko upande wa kulia. Unaniuliza kama ameumbwa vibaya. Sijui, mjukuu wangu. Nami naogopa.

Nilipokuwa najifunza ushonaji, nilikunja kitambaa cha koti katikati nikakata pande zote mbili kwa pamoja. Mteja, mkulima wa viazi wa Isongole, alipolivaa likainama upande mmoja. Nikadhani ana kilema. Fundi wangu akanisimamisha, akanipima bega moja, kisha la pili. Hata mabega yangu mwenyewe hayakulingana.

“Kinachokunjwa ni kitambaa,” akasema. “Mtu unampima kila upande.”

Basi Alhamisi mpeleke kwenye kile kipimo cha moyo ulichotuandikia, daktari amwangalie yeye kama alivyo. Unipigie, hata habari ikiwa mbaya.

Jana nilimkumbatia bibi yako. Moyo wangu kushoto, wake kushoto, haikukutana. Wewe mkumbatie mwanao kifua kwa kifua. Moyo wake utalala juu ya wako.

Babu yako