Chupa ya Punda wa Pili

Alhamisi, Korogwe.

Sijala.

Asubuhi nilikuwa Mkata, kwa Bibi Naserian, kukamua punda wake wawili. Mtaalamu wa maabara aliyenituma anataka chupa moja ya kila punda, apime protini za maziwa, aone wanavyotofautiana kwa uzao.

Bibi alinisihi: "Daktari, huyu mkubwa usimmalize. Mjukuu wangu ana kifaduro, na maziwa yake ndiyo dawa." Nikaitikia. Siku hizi hata dawa za zahanati ni za kununua.

Punda mdogo akanipiga teke, akakataa kabisa kukamuliwa. Basi lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikarudi kwa yule mkubwa, nikamkamua mpaka tone la mwisho, nikaibandika chupa ya pili jina la mwenzake. Bibi alikuwa ndani na mtoto, nilimsikia mjukuu akikohoa.

Wakati wa kuagana alinishukuru. Mimi!

Mtaalamu atakuta chupa mbili zimefanana, atafurahi, ataandika kwamba punda hawa ni ndugu.

Na bibi atakuwa ameshamwendea yule mkubwa na kikombe chake, asipate hata tone. Atadhani kosa ni la punda.