Beringi Mpya, Nimeikata Mwenyewe

Wewe, nicheke au nilie?

Leo si nimebadilisha mwenyewe ile beringi ya nyuma ya pikapu, ili kesho tukamhamishe mama mkwe. Nimeigonga mpaka ikakaa kwenye ekseli, jasho chapachapa.

Shemeji kasimama pale na kibamba cha chuma cha kushikilia beringi mkononi. "Shem, hiki hakitangulii?"

Nikamwambia asinifundishe kazi.

KINATANGULIA! Kinaingia kwanza, ndipo beringi ifuate! Na ikishakaa haitoki mpaka uikate.

Nimeikata. Mpya! Haijazunguka hata mara moja! Ujuaji huu utaniua.

Shemeji kaweka kibamba juu ya boneti, kapiga simu mbele yangu: "Mama, usifungashe mizigo. Mkweo bado hajafundishwa kazi."