Wanaopasua Samaki

Mayoni

Mjukuu wangu Nekesa,

Barua yako imefika. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Shangazi yako amejifungua mapacha, lakini wewe huulizi habari zao, unauliza kama hiyo kamati yenu ya wavuvi huko pwani itafaulu.

Mimi siiamini. Unasema mmefunga bahari miezi minne samaki wazae, na siku ya kufungua mmeshaiandika. Samaki nao mmewaambia?

Nilipokuwa msichana, wanaume wa kwetu walifunga mto Lusumu hivyo hivyo, miezi miwili. Mwaka huo mvua ilichelewa, na samaki wa mto husubiri maji yajae ndipo wazae. Siku yao ilipofika, mto ndio kwanza umeanza kujaa, wakaweka mitego. Mama alipasua samaki wa kwanza, akakuta tumbo limejaa mayai. Wa pili, vilevile. Akampelekea baba karai lote.

"Angalia. Bado hawajazaa. Toeni mitego."

Baba akacheka. "Mama Nafula, siku tulizokubaliana zimeisha. Wewe pika."

Akapika, tukala tukashiba. Mwaka uliofuata mitego ilitoka na majani matupu, na baba akaanza kumuuliza mama mambo ya mto, kwa sauti ya chini.

Sijasoma sana, lakini macho ninayo. Unasema huko bahari imepata joto na mvua haijulikani inakuja lini. Na katika majina yote ya kamati uliyoniandikia sioni hata mwanamke mmoja. Samaki wenu wanapasuliwa na nani? Nenda ukae naye kabla ya hiyo siku, na uende na kisu chako.

Kukhu wako,
Nafula