Neno Moja Kwenye Safu ya Nne

Nyumbani kwa dada yako,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipoongea kwenye simu sasa kinakuachia usingizi. Je, hospitalini bado wanakupanga zamu za mfululizo? Na baridi ya huko imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili? Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, isipokuwa magoti yake, na hayo magoti ndiyo yatakayojaza sehemu kubwa ya barua hii.

Nisamehe kwa kukaa bila kukuandikia tangu mwaka jana. Sikutaka kukuandikia nikiwa na hofu, nikawa nangoja hofu iishe. Haikuisha. Basi naandika nayo hivyo hivyo.

Unajua niliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya uratibu wa maeneo ya mapumziko na michezo. Mama amewaambia majirani kwamba nasimamia viwanja vyote vya serikali. Sisimamii hata kimoja. Nachapa orodha, naandika kumbukumbu za vikao, na siku nyingine nakaa masijala kupokea barua. Tena niko kwenye muda wa majaribio, ambao ulikuwa uishe mwezi ujao.

Mimi nilidhani uratibu ni watu kufanya kazi pamoja. Kumbe katika bustani moja miti ni ya idara ya misitu, mabenchi ni ya ujenzi, bomba ni la idara ya maji, nyasi ni za halmashauri, na watu wanaokuja kupumzika si wa mtu yeyote. Mwezi wangu wa kwanza nilihudhuria kikao cha saa tatu kuhusu nani afyeke nyasi. Waliafikiana kwamba zikiwa chini ya goti ni za halmashauri, zikipita goti ni za misitu. Hakuna aliyeuliza goti la nani. Niliandika yote, maana ndiyo kazi yangu, na nyasi bado zipo.

Sasa nikueleze lililonikuta. Mwezi wa Novemba tulitakiwa kutoa orodha ya maeneo yote ya nje ambako wananchi hupumzika au kucheza, ili idara zote zipange kwa pamoja. Yalikuwa maeneo arobaini na sita. Mkubwa wangu, ambaye tunamwita Bwana Kesho (si mbele yake), alinipa siku tano. Safu ya nne iliandikwa "Hali ya eneo", basi, bila maelezo. Nilipofika namba kumi na saba, ule uwanja wa nyuma ya shule ambako Mama na wenzake hutembea kila asubuhi, nilifikiri sana. Hauna ukuta, hauna geti wala mlinzi, na yeyote anaingia. Nikaandika "wazi". Nilijivunia hata, nikaona neno limekaa mahali pake.

Kumbe kwa watu wa idara ya ardhi neno hilo lina maana nyingine. Kwao eneo likiwa "wazi" halina mwenyewe wala kazi, ni kama chumba ambacho mpangaji amehama, linangoja kugawiwa.

Niligundua mwezi wa Januari, kikaoni, kalamu ikiwa mkononi. Afisa wa ardhi alisoma namba kumi na saba, akasema kwa kuwa pako wazi pafanywe karakana ya magreda na malori ya barabara. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mama Mdogo, nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake, nikijua kosa liko wapi na ni la nani, na sikufungua mdomo. Niliandika "Kikao kiliafiki", nikageuza ukurasa.

Baada ya wiki moja vigingi vyekundu vikapigwa uwanjani. Hao wenzake Mama hujawaona. Ni wanawake wanane walioambiwa na daktari watembee, nao wanajiita Kamati ya Magoti. Wanazunguka uwanja mara sita wakitaniana na kucheka, na anayebaki nyuma siku hiyo huitwa Treni ya Mizigo. Kabla ya hapo Mama alikuwa hawezi kupanda ngazi zetu bila kupumzika katikati, na sasa anapanda akiongea. Siku ya vigingi alirudi hajamaliza hata mzunguko mmoja. Jioni mezani akasema, "Huyo aliyeandika kwamba pale pako wazi, macho aliazima kwa nani?"

Niliendelea kutafuna.

Kesho yake nikajikaza nikaenda kwa Bwana Kesho, nikamwomba tupeleke marekebisho ya neno moja tu. Si mtu mbaya. Alinisikiliza, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Orodha imetoka na sahihi yangu. Nikifuta neno moja, wataniuliza yale mengine niliyasoma saa ngapi." Nikaelewa kwamba hakusoma hata ukurasa mmoja. Akaniambia nirudi kesho. Nilirudi kesho mara sita.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo linaniondolea usingizi mpaka leo. Nilimweleza Mama, kana kwamba nazungumzia mambo ya ofisi tu, kwamba malalamiko ya mdomo hayaendi popote, na barua ukiikabidhi kwa katibu muhtasi inaweza kulala kwenye droo. Ila ikipokelewa masijala, ikagongwa muhuri na kupewa namba, lazima ijibiwe ndani ya siku kumi na nne. Mama alinitazama kidogo, akaomba karatasi.

Alikuja siku ya zamu yangu, amevaa viatu vyake vya kutembelea. Pembeni yangu alikuwepo dada mkuu wa masijala, ambaye husikia hata karatasi ikikunjwa, na sikutaka ajue kwamba mlalamikaji ni mama yangu. Ilinibidi niulize kama ninavyomwuliza kila mtu, "Jina lako, mama?" Akanitajia majina yake matatu taratibu, kama anayempa mtoto imla. Nikamwuliza anaishi na nani, maana fomu inataka. "Na binti yangu," akasema. "Ni mfanyakazi wa serikali, mtu wa watu, hana shida." Niligonga muhuri vibaya, nikagonga tena.

Barua, iliyouliza ni nani aliyeandika kwamba uwanja uko wazi, ikapanda kwa Bwana Kesho, ikateremka siku ya tisa. Pembeni ameandika: "Karani, andaa majibu." Yaani mimi, kumjibu mama yangu mzazi, kuhusu kosa langu mwenyewe.

Kwanza niliandika kwamba suala lake linafanyiwa kazi, sentensi ambayo sisi tungeweza kuibandika mlangoni ikatupunguzia wino. Nikaisoma, nikaona aibu, nikaichana. Nikaandika upya: "Neno 'wazi' liliandikwa na karani wa ofisi hii kwa maana ya kuwa eneo liko wazi kwa watu wote. Kosa ni la karani." Bwana Kesho aliisoma mara tatu. Akaniuliza kama najua kwamba hilo litaingia kwenye jalada langu. Nikasema najua. Akasaini upesi. Nadhani alifurahi kwamba kosa limepata mwenyewe na si yeye.

Baada ya siku mbili nikapokea barua yangu. Muda wa majaribio umeongezwa miezi sita, "ili kuimarisha umakini". Yeye ambaye hakusoma orodha ndiye aliyesaini hiyo pia.

Na unajua tumepata nini? Watu wa ardhi wamekubali kukagua uwanja kabla ya malori kuingia. Watakuja Jumatano hii saa nne asubuhi, na hilo likaongezwa mwishoni mwa majibu ya Mama. Saa nne Magoti wameshakwenda zao, watoto wako darasani, wafanyakazi wako kazini. Niliomba waje saa kumi na mbili asubuhi, au hata jioni watu wanapocheza mpira. Nikajibiwa kwamba gari la wakaguzi ni la idara ya ujenzi na ratiba yake haiguswi. Kwa hiyo wataangalia uwanja saa ambayo hauna mtu, kisha waandike kwamba hauna mtu. Nimechoka, Mama Mdogo. Ningekuwa mtu wa kupiga kelele ningepiga.

Ijumaa Mama alikuja kuchukua majibu. Alivaa miwani akasoma pale pale dirishani, amesimama, watu wawili nyuma yake wakingoja. Alipofika kwenye neno "karani" aliliwekea kidole. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa, akasoma tena hadi kwenye saa nne. Mimi nilikuwa naangalia kitabu cha kusaini. Akasaini. Kisha akasema, dada wa masijala akisikia kila neno, "Mwambieni huyo karani kwamba Jumatano saa nne Magoti tutakuwepo, hata jua likichoma. Na leo akitoka kazini aende nyumbani moja kwa moja, asizunguke mitaani kwa kumwogopa mama yake."

Nikamjibu kwamba ujumbe utafika.

Hadi leo hajalitaja tena. Kuhusu ile miezi sita hajui, na nakuomba usimwambie mpaka Jumatano ipite.

Bibi anakusalimu na anauliza kama huko mnalala mkiwa na madirisha wazi. Mjomba fundi cherehani anakusalimu pia, kitambaa ulichomwachia akushonee hajakisahau. Nisalimie sana Baba Mdogo na wale pacha, waambie waendelee kujifunza kuendesha baiskeli maadamu wana mahali pa kuangukia. Mungu akulindie kifua chako na zamu zako, na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Wako akupendaye,
Binti wa dada yako.