Uliponiambia Bibi Amelala

Pangani,
Jumatano jioni

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu ni haki yako, na hasira yangu haijafika mahali pa kukunyima. Mguu wako unaendeleaje? Baba kikohozi kimepungua? Mpunga mmemaliza kuvuna au bado mnashinda bondeni? Mimi mwili wangu mzima. Mshono umefunga vizuri, nachota maji mwenyewe, hata baiskeli nimepanda.

Kwa kawaida nikishafika hapa huwa namuulizia Bibi. Leo simuulizii. Nimeshajua, Mama. Najua alikufa mwezi wa nne, mimi nikiwa bado nimelazwa hospitali. Najua mlimzika, mkafanya na arobaini, na muda wote huo nikipiga simu mnaniambia hajambo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utalia, na ukilia mimi nitaanza kukubembeleza, halafu yataishia hapo. Sitaki yaishie hapo. Barua hii anakuletea kaka Deo mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi na hajui nilichoandika, ila sidhani kama anashindwa kuotea.

Nikueleze kuanzia walipofika.

Deo aliponiambia kwamba watoto wakifunga shule atawaleta waione bahari, nilifurahi sana. Tangu nimepangiwa kufundisha huku hakuna ndugu hata mmoja aliyewahi kukanyaga nyumba yangu. Nikaazima magodoro kwa jirani yangu Mama Mwanaidi, yule aliyeniuguza nilipotoka kwenye upasuaji, nikanunua na chandarua kipya. Wakashuka kwenye basi wamechoka kwelikweli, wifi Sesilia miguu imevimba kwa kukaa siku mbili, Neema na Beni wanalala huku wanatembea. Wakanipa samaki wakavu, migebuka, na mfuko wa mchele uliotuma wewe.

Jioni ile ile nikakupigia kushukuru. Unakumbuka? Nikakuuliza, "Mama, mchele huu kapeta nani? Hauna hata kijiwe."

Ukasema, "Bibi yako, nani mwingine?"

Nikasema, "Nipe niongee naye."

Ukasema, "Amelala."

Huku kulikuwa kumeshaingia giza, lakini najua Usevya saa ile jua huwa bado lipo. Nikakuuliza analalaje mapema hivyo. Ukanijibu, "Uzee, mwanangu. Siku hizi akishakula tu analala." Na ukacheka kidogo. Mama, kile kicheko ndicho sijui nikifanye nini. Nimekuwa nakisikia tangu jana.

Ule mchele niliupika siku ya pili, nikawaambia watoto wasibakize hata punje kwa sababu mikono ya Bibi imeugusa. Deo alikuwa amekaa mbele yangu. Aliinamia sahani yake akala.

Basi wiki ikawa ya furaha. Lazima nikueleze ilivyokuwa, ili ujue nilikuwa katika hali gani wakati nyie mnajua na mimi sijui. Siku ya kwanza baharini Deo alikunja suruali, akaingia mpaka magotini, akachota maji akayaonja, akatema. "Kumbe kweli ni chumvi!" Wifi, unajua yeye ni mtu wa Karema, kakulia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akasema maji haya yana kiburi, ukubwa wote huu na huwezi kunywa hata kikombe. Tulicheka mpaka watu wakatugeukia.

Fundi wa baiskeli wa hapa sokoni akatukodishia baiskeli tatu. Maji yakitoka, mchanga unabaki mgumu kama barabara, unaendesha vizuri kabisa. Deo yule aliyekuwa anabeba magunia ya mpunga kutoka bondeni akaachia mikono yote miwili, watoto wanamkimbilia nyuma wanapiga kelele. Mimi niliogopa kwa ajili ya mshono. Akanishikia kiti kwa nyuma, akakimbia pembeni yangu kama alivyonifundisha zamani kwenye njia ya kwenda kigangoni. "Kanyaga, Sabina! Usiangalie chini!" Nikakanyaga. Sijacheka hivyo tangu nifanyiwe upasuaji. Nilikuwa nimefiwa na sijui, Mama, naendesha baiskeli ufukweni nacheka, na aliyenishikia kiti alishika jeneza.

Jioni tulikuwa tunatembea ufukweni wote, tunaokota makombe ya pwani. Unajua Bibi kila nikija likizo alikuwa ananiuliza kama ni kweli bahari haina ng'ambo, na mimi namwambia ng'ambo ipo ila haionekani, na yeye anasema basi hiyo ni sawa na hakuna. Nikasema safari hii nimpelekee makombe ayashike. Nikapata moja kubwa, ndani jekundu, nikampa Deo. "Hili ndilo atalipenda." Akalipokea, akalisuuza, akalifuta kwa shati lake, akalitia mfukoni. Akatangulia mbele peke yake. Nikadhani amechoka. Kila nikimtaja Bibi, Neema alikuwa anamwangalia baba yake, na hilo pia sikulielewa. Sasa nimeambiwa kwamba watoto walionywa tangu Mpanda, pale nyumbani kwao Majengo, kuwa atakayemtaja Bibi mkubwa haendi baharini.

Jana tukaoka, kwa kuwa kesho asubuhi wanaondoka. Wifi alitaka kujifunza. Huku sina oveni, naoka kwa sufuria: mchanga chini, makaa juu ya mfuniko. Tulianza na mikate ya njiani, tukaoka keki ya watoto, wakailamba hadi bakuli. Kisha nikachanganya ya tatu.

Nikamwambia wifi, "Hii ya Bibi. Naweka maziwa mengi iwe laini, si unajua hana meno. Utaifunga kwenye kitambaa, isifike Usevya imekauka."

Wifi alikuwa anapepea moto. Akasema, hajageuka, "Na mayai. Marehemu alikuwa anapenda ya mayai mengi."

Nikasema, "Marehemu nani?"

Akaacha kupepea. Kile kipepeo cha moto kikamdondoka, hakukiokota.

"Wifi. Marehemu nani?"

Akaziba mdomo kwa mkono wenye unga. Machozi yakaanza kumtoka, na mimi nikatoka nje hivyo hivyo na mwiko mkononi. Deo alikuwa uani anaziba pancha ya baiskeli kabla hajairudisha kwa fundi.

"Deo, Bibi yuko wapi?"

Akainua kichwa. Akaangalia mlangoni, akamwona mke wake, akajua.

"Nimekuuliza Bibi yuko wapi."

"Kaa kwanza, Sabina."

"Sikai."

"Tulimzika," akasema. "Tulimzika mwezi wa nne. Nilitumwa nije nikwambie."

Sikumbuki vizuri nilivyopiga kelele. Nakumbuka nilimpiga na ule mwiko, mabegani, na yeye hakujikinga. Akawa anasema, "Nipige. Nipige dada." Halafu akasema yale yaliyonimaliza nguvu. Kwamba alipanga kuniambia siku ile ya kwanza, lakini aliponikuta stendi nacheka akasema kesho. Kesho yake mimi nikaleta baiskeli, akasema keshokutwa. Kwamba Baba alitaka nijulishwe tangu siku ya msiba, hata kama nimelala kitandani, na ni wewe uliyekataa. Wewe ndiye ulisema mshono utafumuka, na ulisema atakayepiga simu Pangani asikuite tena mama.

Nikamuuliza Bibi aliumwaje. Akasema homa tu, siku chache. Nikamuuliza kama aliniulizia.

Akainamia gurudumu la baiskeli. Nikamuuliza tena.

"Alikuulizia kila siku," akasema. "Tukamwambia uko njiani."

Kumbe na yeye mlimdanganya. Alikufa anasikiliza mlango, Mama. Mimi niko huku kwenye wodi sijui lolote, na yeye yuko kwenye kitanda chake ananisubiri, kwa sababu mmemwambia niko njiani. Akafikiri nini alipoona sifiki? Akafikiri sitaki kuja? Kuna mtu alimweleza, hata dakika ya mwisho, kwamba Sabina anaumwa na ndiyo maana hayupo? Deo hajui. Anasema aliyekuwa naye mpaka mwisho ni wewe.

Keki iliungulia motoni, hakuna aliyeikumbuka. Mama Mwanaidi alisikia kelele akaja mbio, akadhani mshono. Alipoelezwa, akatandika mkeka sebuleni, akanikalisha, akaita majirani. Wakaja kina mama wa mtaa mzima, wamejitanda khanga, wakanipa mkono mmoja mmoja, wakapika kahawa na uji, wakakaa na mimi mpaka usiku. Watu wa dini nyingine, hawajawahi kumwona Bibi hata kwa picha.

Mmoja wao, bibi mzee, akaniuliza kwa upole, "Amefariki lini mwanangu, tujue mazishi ni kesho au keshokutwa?"

Nikasema, "Mwezi wa nne."

Wakaangaliana. Yule bibi akauliza, "Kwani nyumbani hamuelewani?"

Mama, niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu. Ningesema nini? Kwamba tunaelewana sana, tunapendana, ndiyo maana nimeambiwa na mtu aliyeteleza ulimi jikoni?

Najua utasema ni mshono. Nilipokuwa hospitali ningekubali. Nakuambia kweli, kwa hilo peke yake ningekusamehe, daktari alitutisha sote. Lakini mwezi wa tano nilikuwa nimesharudi darasani, nafundisha nimesimama kutwa. Nilikwambia mwenyewe kwamba nimepona, ukamshukuru Mungu. Ulishindwa kuniambia siku ile? Nilikutumia ujumbe wa sauti nikiimba ule wimbo wake wa kuvunia, nikakuambia umchezeshee sikioni, na wewe ukanijibu, "Amefurahi, kaomba nirudie." Nani aliomba, Mama? Ulikaa wapi ulipokuwa unaniandikia vile?

Usiku sikulala, nikawa nawaza habari yako wewe. Alikuwa mama yako. Nilikuwa nimeegemea sana kwamba mimi nimenyimwa Bibi, nikasahau kuwa wewe umefiwa na mama mzazi, na mimi binti yako sijawahi kukupa pole. Kila nilipopiga simu nilikuwa nakusimulia habari za shule na bei ya samaki, na wewe unaitikia, unacheka, msiba uko kifuani. Kama ungeniambia, ningekulilia. Ningekaa kwenye simu na wewe mpaka salio liishe. Hicho nacho umeninyima, na wewe umejinyima.

Pole, Mama. Pole sana kwa kufiwa. Nimechelewa kusema kwa sababu mlinichelewesha, lakini naisema kwa moyo wangu wote, na bado nimekasirika.

Deo ananiambia mnataka kulijengea kaburi kabla ya mvua, na kwamba saruji imeshanunuliwa. Naomba msilijengee. Shule zikifungwa tena mwezi wa tisa nitakuja. Niachieni udongo kama ulivyo, nitie na mimi kwa mkono wangu. Nisifike nikakuta zege. Na nikifika usinichinjie kuku, wala usiwaite watu. Nataka twende mimi na wewe tu, ukae chini pale unieleze kuanzia alipoanza kuumwa, bila kuruka kitu hata kama kitanichoma. Nieleze na hilo la mlango, kama kweli alikufa akinisubiri.

Deo nimeshaongea naye. Asubuhi ya leo tulirudisha baiskeli, tukatembea kurudi. Alilitoa lile kombe mfukoni akaniuliza alirudishe baharini. Nikamwambia alipe Neema. Mtoto hana kosa, alitaka tu kuiona bahari.

Mpe Baba shikamoo yangu, na mwambie nimesikia kwamba alinitetea. Mwambie mama mdogo Veronika kwamba namsalimia, ila nakumbuka na yeye alivyoniambia Bibi kaenda kliniki ya macho. Mshukuru katekista kwa kumwombea, na vijana wa kigangoni waliochimba kaburi kwenye matope yale ya masika. Mama Mwanaidi anakupa pole ya kufiwa na mama. Amenisisitiza nisisahau kuiandika.

Nitawasha simu Jumapili baada ya misa. Ukipiga nitapokea. Lakini kuanzia sasa ukiongea na mimi, kabla hujaniambia hamjambo, niambie kwanza nani anaumwa.

Mimi mwanao,
Sabina