Bisimwa Anaona Mpira Tu

Jumapili, 3 Septemba 1978

Misa ya kwanza. Chai. Nilipiga pasi blauzi zangu tatu za kazi ya uuguzi dispensari. Mchana uwanjani, mvua kidogo. Timu yetu, Radi, tumepigwa mbili kwa sifuri. Mara ya tatu mfululizo.

Baada ya mechi wapenzi wa timu walikuja kwetu kama kawaida. Mume wangu, Papa Furaha, ndiye prezida wao, na atelye yake ya kushona ina mabenchi. Mimi ni sekretere wao, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Walibishana mpaka chai ikaisha. Jambo moja tu: Bisimwa. Miaka kumi na moja anafundisha Radi. Yeye ndiye aliyetutoa daraja la chini. Sasa anasimama kando ya uwanja, mikono kifuani, kama mtu anayengoja gari. Safari, namba kumi na moja wetu, leo alichechemea nusu saa nzima upande wa pili. Watu walipiga kelele atolewe. Bisimwa hakugeuza hata kichwa.

Papa Furaha alisema, "Ule muzee alishafika mwisho yake. Kile alikuwa nacho, alishatupatia."

Wengi waliitika. Wachache walisema apewe muda. Niliandika majina ya waliokuja. Hakuna aliyeniuliza maoni yangu. Ninayo. Bisimwa ananichosha.

Jumanne, 5 Septemba

Malaria, vidonda, mtoto aliyemeza kifungo. Kisha Bisimwa. Alikuja wa mwisho, mabenchi yakiwa matupu. Anafanya kazi depo ya majani ya chai, anasoma alama za masanduku. Alitaka miwani.

Nilimsimamisha mbele ya ubao wa herufi. Jicho la kuume alisoma mpaka mstari wa chini. Nilishangaa. Nikaweka kidole changu karibu na sikio lake, nikakileta mbele polepole. Kilikaribia kufika puani ndipo alipokiona. Jicho la kushoto, mwanga tu.

Masœur, mtawa anayeongoza dispensari, alimchungulia na taa kwa muda mrefu. Presha ndani ya jicho. Mshipa wa kuonea unakufa. Matone mara tatu kwa siku, yalinde kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi.

"Mupira niko naona," Bisimwa aliniambia. "Mutu mwenye hana mupira, ule simuoni."

Alisema hivyo bila huzuni, kama anatoa habari za mvua. Aliomba Papa Furaha asijue. Nilimjibu kwamba kadi ya mgonjwa haitoki dispensari. Ndiyo sheria. Sikumwambia yaliyosemwa nyumbani kwangu juzi.

Alhamisi, 7 Septemba

Papa Furaha anataka barua kwa komite ya timu: Bisimwa aondolewe. Niiandike mimi, Kifaransa changu ni kizuri kuliko chake. Alinisomea sababu huku akikata kitambaa cha koti la abacost la mteja. Moja, habadilishi wachezaji kwa wakati. Mbili, haoni makosa ya mabeki wa pembeni. Tatu, amekuwa na kiburi, anapita watu njiani bila kuwasalimu.

Kila sababu niliijua ilikotoka. Niliandika zote. Mwandiko safi, hakuna doa. Nilipomaliza nilinawa mikono, ingawa haikuwa na wino.

Jumatatu, 11 Septemba

Jana sare, bao moja kwa moja. Barua imeshapelekwa. Komite imesema itajibu mwisho wa mwezi, baada ya mechi na Mwamba. Mwamba ni majirani zetu na maadui zetu. Kumbe Bisimwa amebakiza mechi mbili.

Leo alikuja kwa ajili ya matone. Habari za barua anazo, mji huu hauna siri. Hakuuliza nani aliiandika. Aliniomba kitu kingine.

"Sanduku ya dawa ya Radi haina mutu wa kuishika, maman. Ukuje ukae na mimi kwa benchi. Uniambie kile sioni."

Nilimwambia huo ni udanganyifu. Alisema anajua. Alisema anataka mechi na Mwamba tu, kisha ataondoka mwenyewe.

Nilikubali. Si huruma. Nilitaka tuwapige Mwamba. Naandika hivi ili nisije nikajisahaulisha.

Jumapili, 17 Septemba

Tulikwenda kucheza kijijini Miti, sote nyuma ya kamyo kubwa ya mizigo, sanduku la dawa magotini. Papa Furaha amefurahi kuniona nina kazi kwenye timu. Hajui ni kazi gani.

Nilikaa kuume kwa Bisimwa. Nilisema kwa sauti ndogo, macho mbele. Namba saba yao yuko peke yake. Beki wetu wa kushoto amechoka, anashika kiuno. Kipa wao anatoka nje sana. Bisimwa alisikia na kusimama palepale, akapaza sauti yake ile ya zamani. Akabadilisha beki. Akamwambia Safari apige kutoka mbali. Ikaingia.

Mbili kwa moja. Kwenye kamyo waliimba. Tulipoingia Bukavu, mjini kwetu, Papa Furaha alisema labda muzee bado ana kitu kidogo. Wengine walimkatalia: bahati tu, Miti hawana timu.

Mimi nilifurahi sana. Nilifurahi kwa sababu ni mimi niliyeshinda.

Jumatano, 20 Septemba

Maneno yameanza. Mtu ameona midomo yangu. Sokoni Kadutu wanasema muke wa prezida ndiye anafundisha Radi. Wanacheka, lakini wawili nusura wapigane mbele ya atelye. Mmoja anasema Bisimwa amekwisha mpaka anaomba akili kwa mwanamke. Mwingine anasema mwenye kushinda haulizwi.

Papa Furaha aliniuliza wakati wa chakula. "Unamuambiaka nini pale kwa benchi?"

Nilimwambia aulize kitu kingine. Miaka kumi na miwili ya ndoa, sijawahi kumjibu hivyo. Alisukuma sahani ya sombe, akaenda kushona. 

Jumapili, 24 Septemba

Tumewapiga Mwamba. Moja kwa sifuri. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Safari alifunga kabla ya mapumziko. Uwanja ulitetemeka. Kipindi cha pili, akiwa upande wa mbali, alisimama ghafla akashika paja. Akajaribu kukimbia, mguu ukamkatalia. Nilimwona vizuri. Nimefanya uuguzi miaka kumi na tano, najua msuli uliochanika.

Nilifungua mdomo. Kisha nikafikiri: akitoka huyu, namba mbili wao atapanda bila woga, na watatusawazishia. Zilibaki dakika kumi na tano. Nikamwambia Bisimwa mambo mengine, yote ya kweli. Kiungo wao amechoka. Kipa wetu arudi nyuma.

Akauliza, "Na Safari?"

Nikasema, "Iko muzuri."

Baada ya muda akauliza tena. Nikasema vilevile.

Kisha mpira ulikwenda kwa Safari. Mwenye miguu mizima angewahi. Yeye alichelewa, na beki wa Mwamba alikuja na mguu wote. Mlio wa mfupa ulifika mpaka kwenye benchi. Bisimwa aliusikia kabla yangu. Alisimama akageuza uso huku na huku, anatafuta.

Nilimfunga Safari mguu na vipande viwili vya ubao. Filimbi ya mwisho ilipigwa nikiwa nimepiga magoti kwenye matope. Watu walipita juu yetu kwenda kumbeba Bisimwa mabegani. Safari hakulia. Aliniuliza kama tumeshinda.

Jumatatu, 25 Septemba

Mfupa wa muundi umevunjika. Plasta mpaka juu ya goti. Daktari anasema miezi miwili bila kuukanyaga, kisha tutaona. Safari ni fundi wa kujenga, ana ukuta nusu huko Cimpunda. Hakuna anayejenga ukuta akiwa amelala. Muke wake, Mwamini, alikaa kwenye kitanda na mtoto mgongoni. Alinishukuru kwa kumfunga mguu vizuri. Sikujua pa kuweka macho.

Bisimwa alikuja hospitali mchana, anashika ukuta wa koridoo. Alijua sauti ya viatu vyangu.

"Ulimuona?"

"Nilimuona, papa."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo, papa."

 Aliutafuta mlango kwa mkono, akaingia kwa Safari.

Nyumbani, atelye imejaa. Bisimwa sasa ni fundi kuliko wote Kivu. Wanasema hivyo walewale waliotaka aondoke. Papa Furaha, bila kunitazama, alisema niandike barua nyingine ya kufuta ile ya kwanza. Nilisema mkono unaniuma.

Jumamosi, 30 Septemba

Asubuhi salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima, tulisafisha mifereji. Baadaye mkutano, komite na wapenzi wote, ndani ya salle, ukumbi wa parokia. Shabaha: kumshukuru Bisimwa na kumwomba abaki.

Aliomba neno. Alisimama akishika meza. Akasema macho yake yamekwisha, tangu mwaka jana anawajua wachezaji kwa sauti na kwa mwendo. Akasema alipaswa kuondoka wakati ule. Akasema, "Nilimuacha Safari acheze na maumivu. Sikumuona. Mutu mwenye haoni hawezi kuwa hapa. Munisamehe."

Hakutaja benchi. Hakutaja mtu.  Mzee mmoja wa mlangoni alijipangusa uso na kofia. Watu walioandika barua na watu walioikataa, wote walitazama chini.

Papa Furaha aligeuka akanitazama. Alikuwa ameelewa. Ningeweza kukaa. Daftari lilikuwa magotini, kazi yangu ilikuwa kuandika tu. Mwamini alikuwa amesimama nyuma, karibu na dirisha. Sikujua kama amekuja mpaka nilipokuwa nimeanza kuinuka.

Nilisimama. Nilisema niliona nini, niliulizwa nini, nilijibu nini. Niliongeza kwamba sikukosea kuona. Nilitaka tushinde. Sauti haikutetemeka, na hilo lilinichukiza.

Kisha nilikaa nikayaandika kwenye ripoti, kwa sababu kila kinachosemwa mkutanoni kinaandikwa. Jina langu kamili.

Mtu alisema niondolewe usekretere. Hakuna aliyepinga. Nami sikupinga. Mwamini alitoka kabla ya mwisho.

Njiani Papa Furaha alitembea mbele hatua tano. Karibu na nyumba alisema, "Ungeniambia."

"Kadi ya mugonjwa haiko ya bwana na bibi."

"Na ya Safari? Ile ilikuwa kwa kadi?"

"Hapana. Ile haikuwa."

Akanifungulia mlango.

Jumanne, 3 Oktoba

Bisimwa alikuja kwa matone. Nilimpa chupa mbili, ya mwezi huu na ya ujao. Anahamia Miti, kwenye mashamba ya muke wake. Depo ya chai nayo imemwacha. Nilianza kuomba msamaha. Alinikatiza, akaniomba nimsomee karatasi ya dawa, kwa taratibu, aishike kichwani. Niliisoma mara tatu.

Jumapili, 8 Oktoba

Kuna kocha mpya, mwalimu wa jimnastiki. Sikwenda uwanjani. Nilisafisha sambaza, dagaa wa ziwani. Mtoto wetu Furaha amepoteza jino.

Alhamisi, 19 Oktoba

Kila Alhamisi baada ya kazi ninapanda Cimpunda, anakokaa Safari, kumwangalia. Vidole vya mguu vina joto, vinacheza. Plasta haina harufu. Safari anaongea na mimi kama zamani, ndilo gumu zaidi. Anasema hata angeambiwa atoke angekataa. Labda ni kweli. Hainisaidii.

Mwamini haniongeleshi. Nikiingia, yeye anatoka uani. Nikitoka, anaingia. Ukuta wa watu ameumaliza mwashi mwingine.

Nimewapelekea unga mara mbili. Mara zote mbili umerudishwa nyumbani kwetu, mfuko haujafunguliwa. Nimeacha kupeleka.

Alhamisi, 16 Novemba

Leo plasta imetoka. Niliikata mwenyewe, kwao, na makasi makubwa ya dispensari. Mguu mwembamba, mweupe kwa vumbi la plasta, umepinda kidogo sana. Niliuosha na maji ya moto. Safari alisimama akishika bega la kaka yake, kisha akaliachilia. Akavuka uani, akarudi. Atatembea. Atajenga. Mpira sijui, nikamwambia sijui. Alisema sawa.

Mvua ilianza. Nilikusanya vyombo vyangu. Mwamini alikuwa mlangoni na hakutoka. Aliweka kiti karibu na moto, akaweka sahani ya maharagi na bugali juu ya sanduku mbele ya kiti. Sahani moja. Nilikaa. Nilikula. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo.

Alisubiri mpaka nikanawa mikono.

"Utarudi siku gani kumuangalia?"

Nilisema Alhamisi.