Ukurasa wa Tisa wa Jarida la Wahitimu

4 Februari

Mwanangu,

Sisi hapa ni wazima. Goti la mama yako humsumbua asubuhi, jua likipanda humwacha. Mimi sina ugonjwa wa kutajwa. Nataka kujua hali yako, na unijibu kwa ukweli, si kwa lile neno "sijambo" ambalo watu huliandika hata wakiwa wamelazwa.

Ni miaka minne hatujaandikiana. Kosa ni langu. Ni mimi niliyekuambia pale mlangoni, siku uliyoondoka na mabrashi yako baada ya kumaliza chuo, usiniandikie mpaka uwe na jambo la kuniandikia. Nilidhani ni maneno ya wiki mbili. Wewe uliyashika kama hukumu, na mimi niliyekaa mahakamani miaka thelathini na moja nikiandika hukumu za wengine, niliona haya kukata rufaa.

Ninaandika kwa sababu ya jarida la chuo chenu. Limeletwa hapa nyumbani kwa jina lako, kwa kuwa hukubadilisha anwani. Bahasha nimeifungua mimi. Najua si haki kufungua barua ya mtu, nimeifungua. Katika ukurasa wa tisa, chini ya kichwa "Wahitimu Wetu na Shughuli Zao", nimekuta jina lako na maneno haya, ninayanakili yalivyo: "Ameandaa maonyesho yake binafsi ya kwanza, picha ishirini na mbili za rangi ya mafuta, yatakayofunguliwa tarehe 16 Machi katika ukumbi wa makumbusho. Picha mbili tayari zimechukuliwa na makumbusho yenyewe."

Nimeyasoma mara tatu. Mara ya nne nilimsomea mama yako kwa sauti. Alinitazama, akasema "Mh", akatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka. Sijamwelewa hadi sasa.

Wenzako nao nimewasoma wote. Mmoja amefungua duka la fremu. Mwingine huchora vibonzo gazetini. Yule mwembamba mliyekuwa mkimwita Kijiti, jina lake liko chini ya lako, wameandika kwamba yuko hospitalini, anatengeneza macho ya bandia. Hapo niliduwaa. Mtu asome kuchora miaka minne, kisha apake rangi macho yasiyoona? Nilimwonea huruma baba yake. Lakini hayo si yetu.

Nataka kuja tarehe 16. Baba yako mkubwa amekubali kunisindikiza, na wenzangu wa chama cha wastaafu nimewaambia. Nisingewaambia kama si jambo lililochapishwa.

Baba yako


19 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako imenifikia nikiwa kazini, nikaiweka mfukoni mpaka saa ya kutoka kwa sababu nilijua nikiifungua pale sitafanya kazi tena. Mimi ni mzima, kwa ukweli kama ulivyotaka, isipokuwa shingo huniuma kwa kuinama sana. Mpe Mama pole ya goti. Baba mkubwa naye nimsalimie vipi? Bado anazungumza na redio kama inayomjibu?

Nimefurahi kupita ninavyoweza kuandika kuona mwandiko wako kwenye bahasha. Niliutambua kabla ya kusoma jina.

Kuhusu lile jarida, mimi sijaliona. Ila usiliamini sana, Baba. Wale wahariri wao ni watu wawili, na kazi wanaifanya baada ya kazi zao nyingine. Na kuhusu tarehe 16, ningeomba msije kwanza. Safari ni ndefu, ukumbi wenyewe hauna viti vya kutosha, na mambo ya tarehe hubadilika. Nitakuandikia tena vizuri nikitulia.

Nimesema nitakuandikia. Nitakuandikia.

Mwanao


27 Februari

Mwanangu,

Pole ya shingo. Paka mafuta ya moto na uache kulalia mito miwili. Hapa hakuna aliyeugua tangu nilipokuandikia.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko jarida, na nimeielewa kidogo kuliko jarida. Unaniambia nisiliamini sana. Kitu kilichochapishwa ama ni kweli ama si kweli. Hiyo "sana" ndiyo iliyoninyima usingizi wa mchana siku mbili. Je, picha ni ishirini badala ya ishirini na mbili? Hilo silijali.

Nilimuuliza mama yako. Akasema, "Muulize mwenyewe, si mnaandikiana sasa?" Nikamwambia nimeuliza na sijajibiwa. Akasema basi nisubiri, yeye amesubiri miaka minne. Najua mnapigiana simu Jumapili nikiwa kwenye kikao cha chama. Sikuwahi kumuuliza mnazungumza nini, na sasa ninaona haya kuanza.

Kwa hiyo nimefikiri peke yangu, nikafikia hili: unatuonea haya. Hilo ninalikubali. Sikuja siku uliyopewa cheti, kisha leo nitokee na koti langu la mahakamani nisimame mbele ya wageni wako kama niliyekulipia rangi. Ungekuwa na haki ya kunifungia mlango. Lakini sitasimama mbele. Tutakaa nyuma, na kama viti havitoshi tutasimama nyuma. Baba yako mkubwa ameahidi hatatoa maoni. Nimemwandikisha ahadi hiyo.

Tutafika tarehe 16 asubuhi. Mama yako haji, anasema ni goti. Ni goti lilelile lililompeleka sokoni na kumrudisha jana.

Baba yako


12 Machi

Shikamoo Baba,

Natumai barua hii itakuwahi, ingawa nahesabu siku na naona huenda isikuwahi. Nimeiandika mara tano. Nne ziko kwenye pipa la taka la kazini.

Picha zile si zangu. Sina maonyesho. Ni ya Kijiti. Juzi nimelipata hilo jarida nikaona walichofanya: majina yetu yanafuatana, wakayabadilisha maelezo. Yangu wameweka chini ya jina lake, yake chini ya langu. Mimi ndiye niliyeko hospitalini. Mimi ndiye ninayetengeneza macho ya bandia, tangu mwaka wa pili baada ya chuo. Mama anajua. Usimkasirikie, nilimwomba anyamaze.

Chumba chetu kiko ghorofa ya chini, nyuma ya dirisha la kuchukulia dawa. Mgonjwa hukaa mbele ya dirisha kwa sababu taa huipotosha rangi. Nalitazama jicho lake zima, kisha nachora pacha wake kwenye kiduara cha plastiki kisichozidi kifungo cha shati. Weupe wa jicho si mweupe, Baba. Wa mtu mzima una umanjano, wa mtoto una ubuluu kidogo. Mishipa ni nyuzi za hariri nyekundu ninazozichambua kwa sindano mpaka zisionekane. Jicho moja ni siku mbili, likikataa ni tatu. Nimekwishatengeneza mia moja arobaini na saba, na hakuna hata moja lililoandikwa jina langu, kwa sababu likijulikana limetengenezwa, nimeshindwa kazi.

Ningekuambia yote haya katika barua ya kwanza. Sikuweza. Ulikuwa umeshamhurumia baba wa mtu anayefanya kazi hii, na baba huyo ni wewe. Na kuna jambo lingine. Uliniita mwanangu baada ya miaka minne, kwa ajili ya picha ishirini na mbili ambazo si zangu. Nikawaza: nikizirudisha picha kwa mwenyewe, na neno hilo nalo nilirudishe?

Msije, Baba. Au kama mmeshakuja, nisamehe.

Mwanao


18 Machi

Mwanangu,

Nimerudi salama. Baba yako mkubwa pia, ila miguu yake imevimba kwa viatu vipya. Tangu ile ya Februari sijapata barua nyingine kutoka kwako, kwa hiyo ninakueleza mambo kwa utaratibu yalivyotokea, labda nikiyaandika nitayaelewa.

Tulifika makumbusho saa nne. Tukakuta picha ishirini na mbili, nilizihesabu. Kwenye kila kibao chini ya picha pameandikwa jina la Kijiti. Nikamwendea mama aliyekaa mlangoni na daftari, nikamwambia kwa adabu kwamba wamekosea majina. Akasema hawakukosea. Nikamwonyesha jarida. Akalisoma, akamtazama baba yako mkubwa, akatuletea maji ya kunywa. Nadhani alifikiri ni jua.

Kisha nikamwona Kijiti mwenyewe, amenenepa. Nikajua amekuja kukupongeza. Nikamshika mkono, nikamwambia asikate tamaa, kazi ni kazi, na hata macho ya bandia yana faida kwa mwenye kuyahitaji. Akasema ni kweli kabisa, yana faida kubwa. Nikamwambia baba yake atazoea. Akasema baba yake alishazoea, ila hakujua kama mimi nimezoea. Tulizungumza hivyo karibu robo saa, kila mmoja akimpa mwenzake pole. Mwishowe akaniuliza, "Mzee, kwani yeye amekuambia anafanya kazi gani?" Nikamwonyesha ukurasa wa tisa. Akausoma, akakaa kwenye ngazi.

Hakucheka. Namshukuru kwa hilo. Baba yako mkubwa ndiye aliyecheka.

Akatoa simu, akanionyesha picha ya dada yake. Akaniambia jicho moja ni kazi ya mkono wako, nichague. Nimetazama mashahidi miaka thelathini na moja, najua uso unaposema uongo. Nikasema la kushoto. Akasema ni la kulia. Nikamwambia anionyeshe tena. Nikatazama tena, nikijua sasa, na bado nikaona ni la kushoto. Baba yako mkubwa akasema yote mawili ni ya kuzaliwa na kijana anatuchezea.

Tulipokaribia nyumbani ndugu yangu akaniuliza, "Sasa sisi tulikwenda kwenye maonyesho ya nani?" Jana wenzangu wa chama waliniuliza picha zilikuwaje. Nikasema nzuri, na ni kweli, zilikuwa nzuri.

Sijui kama nimekasirika. Najipapasa kama mtu anayetafuta miwani na sipati hasira, wala sipati furaha. Ninalotaka kujua ni moja. Ulipata barua mbili kutoka kwangu. Ilikuwaje ukashindwa kuniambia? Je, mimi ni mtu wa kuogopwa kiasi hicho?

Baba yako


2 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo. Mama yako amekwishasamehewa, ingawa anasema hakuomba.

Barua yako ya tarehe 12 ilifika tarehe 21. Muhuri wa posta unaonyesha ilitumwa mapema, kwa hiyo kosa la kuchelewa si lako. Nimekaa nayo siku kumi na mbili. Mama yako aliniuliza kila asubuhi kama nimeijibu, kama anayemuuliza mgonjwa kama amekunywa dawa.

Umeniuliza kama ulirudishe lile neno. Ningependa kukuandikia kwamba sikukuita hivyo kwa ajili ya picha. Si kweli. Niliandika kwa ajili ya picha. Nimeapisha watu wengi mno kuweza kusema vinginevyo. Lakini barua ya pili nayo niliianza hivyo, na picha zilikwisha kuwa na mashaka. Ya tatu niliianza hivyo nikiwa nimetoka kuaibika mbele ya mama mwenye daftari. Na leo nimeanza hivyo, hakuna picha hata moja. Litazame mwenyewe hapo juu.

Yale niliyoandika kuhusu baba wa mtu huyo ninayafuta. Kwenye chama nimesimama kikaoni nikasahihisha habari, na ikaandikwa kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti aliuliza kama mtu anayetengeneza macho ni msanii au ni daktari. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Nimeuandikia uongozi wa chuo. Wamekiri kosa na wameniomba masahihisho ya jarida lijalo, maneno yasiyozidi thelathini. Mimi niliyefupisha kesi za mauaji kwa nusu ukurasa nimeshindwa na maneno thelathini. Kila nikiandika "anatengeneza", naona sijui ninachokisema. Sijawahi kukuona ukifanya kazi yoyote. Hata ulipokuwa ukichora hapa sebuleni, nilikuwa nikigeuza kiti.

Ninaomba nije niketi katika chumba chako siku moja, kama wenye chumba wataruhusu. Nitakaa kimya. Sitamtazama mgonjwa mpaka uniruhusu. Ukisema hapana, nitaelewa, na masahihisho utayaandika wewe mwenyewe.

Baba yako


11 Aprili

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, na shingo imepoa kwa mafuta ya moto. Nimefurahi Mama amesamehewa. Ameniambia hajui ni kwa kosa gani.

Njoo Jumanne ya tarehe 22. Siku hiyo anakuja fundi cherehani mmoja wa makamo yako, aliumia kazini, na ndiyo siku ya kupaka rangi. Nimemwomba ruhusa. Akaniuliza, "Baba yako ni mtu wa kuonea watu huruma?" Nikamwambia hapana, ni mtu wa kusahihisha. Akasema huyo aje.

Usikae kimya, Baba. Koti vaa lolote, lakini usisahau miwani ya kusomea. Nikilitazama jicho moja kwa saa nyingi, macho yangu hulizoea kosa, na mgonjwa kwa adabu yake husema limependeza. Namhitaji mtu wa kukaa karibu na dirisha aniambie hapa umekosea, futa.

Kwa kazi hiyo sijui mtu mwingine.

Mwanao